Kaharabu, Sandarusi na Ambari: Majina Matatu na Asili ya Vitu Vyake



Naomba nianze na nzi. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa somo la tafsiri aliniletea makala ya sayansi aliyoifasiri kutoka Kiingereza kwa ufasaha wa kupendeza. Makala ile ilimhusu nzi aliyenaswa mamilioni ya miaka iliyopita, akahifadhika mzima hata mishipa ya mbawa zake ikawa inahesabika. Kila palipotajwa kitu kilichomhifadhi nzi huyo, mwanafunzi wangu aliandika "ambari". Nikamwuliza ambari ni nini. Akanijibu bila kusita kuwa ni ile ya kutilia manukato, itokayo kwa nyangumi. Bibi yake alikuwa na kipande chake sandukuni. Nikamwuliza: basi huyu nzi aliingiaje tumboni mwa nyangumi? Tulicheka sote wawili. Lakini baada ya kuagana nilitambua kuwa mimi mwenyewe nisingaliweza kumweleza papo hapo, kwa ushahidi, kwa nini neno linalofaa ni kaharabu, wala kwa nini si sandarusi, ambayo nayo huwa na wadudu ndani yake na ambayo iko karibu nasi zaidi.

Mhadhara huu ni jibu nililochelewa kumpa. Dai langu ni moja. Kiswahili kimerithi majina matatu kwa vitu vitatu ambavyo lugha kadhaa kubwa za Ulaya zilivichanganya, na upambanuzi huo si pambo la msamiati tu. Hauwezi kueleweka bila kujua vitu vyenyewe vilitoka wapi. Na anayefuatilia asili ya kaharabu ya ulimwengu hatimaye hujikuta chini ya mti unaoota katika misitu ya pwani yetu.

Jina lililotoka baharini

Tuanze na kosa la mwanafunzi, kwa kuwa si kosa lake peke yake. Ambari ni kitu kama nta, cha rangi ya kijivu au nyeusi, kinachofanyika katika utumbo wa nyangumi mkubwa ambaye wataalamu humwita Physeter macrocephalus. Nyangumi huyo hula ngisi kwa wingi, na midomo migumu ya ngisi isiyosagika ndiyo huonekana mara nyingi ndani ya madonge ya ambari. Donge hutoka, huelea miaka na mikaka, hupigwa na jua na chumvi, na mwishowe hutupwa ufukoni likiwa na harufu ambayo watengenezaji wa manukato wameilipia fedha nyingi tangu kale. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10, aliitaja ambari ya bahari ya Wazanji; na Zhao Rugua, ofisa wa forodha wa Kichina aliyeandika mwaka 1225, aliiorodhesha miongoni mwa bidhaa za pwani hii, pamoja na pembe za ndovu.

Neno ni la Kiarabu, anbar. Lilipoingia katika Kilatini cha zama za kati, na kutoka hapo katika Kifaransa na Kiingereza, lilikuwa na maana ya kitu hicho cha nyangumi. Baadaye likahamishiwa kitu kingine kilichookotwa pia ufukoni, chepesi, chenye thamani, na chenye kutoa harufu nzuri kinapochomwa, yaani kile kijiwe cha manjano cha bahari ya kaskazini. Wafaransa wakalazimika kuongeza rangi ili waelewane: ambari ya kijivu ni ya nyangumi, ambari ya manjano ni ya mti. Waingereza walikiachia kijiwe cha manjano jina tupu, na kitu cha nyangumi wakakiita kwa jina refu lililobeba ukijivu wake. Mwanafunzi wangu, alipolikuta lile neno la Kiingereza, alilirudisha mahali lilipozaliwa. Kwa upande wa etimolojia hakukosea hata kidogo. Alikosea kwa upande wa kitu.

Mnyakuzi wa makapi

Kaharabu nayo ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili yake ni Kiajemi: kah ni majani makavu ya nafaka au makapi, na ruba ni mwenye kunyakua. Jina lenyewe ni maelezo ya jaribio. Kisugue kipande cha kaharabu kwa kitambaa cha sufu, kisha kisogeze karibu na makapi, nayo yatarukia na kunata. Wayunani wa kale waliijua tabia hiyo, na kwao kaharabu iliitwa elektron. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, alipochapisha kitabu chake cha Kilatini juu ya sumaku, aliunda kutokana na jina hilo kivumishi cha kuvieleza vitu vyote vinavyovuta namna hiyo vikisuguliwa. Kivumishi hicho ndicho mzazi wa neno la umeme katika karibu lugha zote za Ulaya.

Jambo la kutia hamu ni kwamba lugha nyingine zilipita njia hiyo hiyo kila moja kwa miguu yake. Katika Kiarabu cha leo, kahraba ni umeme wa nyumbani, na anayetaka kutaja kijiwe hutumia zaidi neno kahraman. Katika Kiebrania cha sasa, umeme ni hashmal, neno lililochukuliwa kutoka katika maono ya nabii Ezekieli, mahali ambapo wafasiri wa kale wa Kiyunani waliandika elektron. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliandika kaharabu mahali hapo hapo katika sura ya kwanza, na wakristo wengi walikutana na neno hili kwa mara ya kwanza humo. Kama nabii alikusudia kijiwe au aina ya madini yenye kung'aa, hilo ni suala la wataalamu wa Kiebrania. Elektron yenyewe ilikuwa pia jina la mchanganyiko wa dhahabu na fedha.

Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Sisi tulilichukua jina la mmweko wa mvua, umeme, tukaliweka katika nyaya. Kwa hiyo kaharabu ikabaki na maana yake ya kale, haikubebeshwa mzigo mwingine. Msemaji wa Kiswahili aliyekulia Maskati, mwenye lugha zote mbili kinywani, akisikia kahraba katika Kiarabu hufikiria ankara ya mwezi; akisikia kaharabu katika Kiswahili hufikiria shanga za tasbihi. Si mara nyingi lugha inayokopa huweka maana ambayo lugha inayokopesha imeisogeza kando, na kwa sababu hiyo nasema tuichunge.

Utomvu unaogeuka jiwe

Sasa kitu chenyewe. Hapa neno letu utomvu linatutatiza kidogo, kwa sababu linabeba mambo mengi: maziwa ya mfenesi, maji ya mgomba yanayochafua nguo, na hata ulimbo wa kutegea ndege hutokana nao. Wataalamu wa mimea wanatofautisha. Kuna maji yanayosafirisha chakula ndani ya mti. Kuna gundi, kama ile ya migunga, ambayo huyeyuka au kuvimba ikitiwa majini. Na kuna resini, ambayo maji hayaiwezi, lakini moto huishika na kutoa moshi wenye harufu. Ubani na manemane vina gundi na resini pamoja. Sandarusi ni resini, na kaharabu ni resini iliyozeeka mno. Mti huitoa unapojeruhiwa na upepo, moto, wadudu au panga. Huziba jeraha, na wadudu wanaotua hapo hunasa.

Resini mbichi imejaa molekuli nyepesi zinazoitwa terpini. Baadhi huruka hewani, na ndiyo harufu tunayoisikia. Nyingine hushikana, moja na nyingine, zikafanya minyororo na nyavu, yaani polima. Ikifukiwa mapema katika udongo au matope yasiyo na hewa nyingi, kazi hiyo ya kushikana huendelea polepole kwa muda mrefu mno, hasa penye joto na mgandamizo, mpaka kitu kinakuwa kigumu kisichonata wala kulainishwa kwa urahisi na spiriti. Si kila resini hufika huko. Nyingi huoza au kuvunjika juani katika muda mfupi, na miti mingi hutoa resini isiyo na molekuli za namna ya kushikana hivyo.

Kaharabu haitokani na mti mmoja, wala zama moja, wala nchi moja. Kongwe zaidi inayojulikana, vipande vidogo kutoka katika makaa ya mawe ya jimbo la Illinois, Marekani, ina umri wa takriban miaka milioni 320, ambao ni wakati wa kabla ya mimea yenye maua. Wadudu wakongwe waliokutwa katika kaharabu wanatoka katika milima ya Dolomiti, Italia, wenye miaka takriban milioni 230. Ya Lebanoni ni ya mwanzoni mwa zama za Kretasia, ikakaribia miaka milioni 130.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya bahari ya Baltiki. Chanzo chake kikubwa ni tabaka la udongo wa buluu katika rasi ya Samland, karibu na Kaliningrad, Urusi, na mji wa machimbo unaitwa Yantarny kutokana na jina la kaharabu katika Kirusi. Umri wake hutajwa kati ya miaka milioni 34 na 48. Mawimbi ya dhoruba huing'oa na kuitupa ufukoni, kwa sababu uzito wake unaukaribia sana ule wa maji ya bahari. Kutoka huko ilisafirishwa hadi kusini mwa Ulaya miaka mingi kabla ya Kristo. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wa zama zetu, alikwisha kujua kuwa ni utomvu wa mti, akatoa na hoja: ikisuguliwa hunuka kama msonobari, na ndani yake huonekana wadudu. Waroma waliiita sucinum, kutokana na neno lao la utomvu, na asidi ya suksini imepewa jina kutokana na hilo. Kaharabu ya Baltiki ina asidi hiyo kwa asilimia 3 hadi 8. Pamoja na umashuhuri wote huo, mti ulioizaa bado unabishaniwa. Wako waliosema ni aina ya msonobari. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulielekeza kwenye ukoo wa Sciadopityaceae, ambao leo umebakiwa na spishi moja tu, huko Japani. Msitu ulikwisha, na jamaa zake wa karibu hawapo Ulaya wa kuulizwa.

Kaharabu ya bonde la Hukawng, katika jimbo la Kachin nchini Myanmar, ina miaka takriban milioni 99, na mwaka 2016 ilitoa kipande cha mkia wa dinosari mdogo wenye manyoya. Lakini machimbo hayo yamo katika eneo la vita. Jeshi liliyatwaa mwaka 2017, na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wanapaleontolojia wa wanyama wenye uti wa mgongo kiliwaomba wenye majarida wasimamishe uchapishaji wa vielelezo vilivyotoka huko baada ya hapo. Katika wilaya za Rivne, Ukraina, wachimbaji wasio na leseni wamekuwa wakipuliza ardhi ya msitu kwa pampu za maji na kuacha mashimo yaliyojaa tope. Nayataja haya kwa upesi, si kwa kuyadharau. Kila kipande cha duka la sonara kina udongo wa mahali fulani na watu wa mahali fulani nyuma yake, na sisi tulikwisha kuyaona hayo kwa sandarusi.

Nimeibakiza kwa makusudi ile ya Jamhuri ya Dominika na ya Chiapas, Meksiko, yenye umri wa kati ya miaka milioni 15 na 23 hivi. Hiyo ina mti unaojulikana. Mwaka 1991 George Poinar aliueleza kutokana na maua na majani yaliyonaswa katika utomvu wake mwenyewe, akauita Hymenaea protera. Jenasi ya Hymenaea ina spishi zaidi ya kumi zilizo hai katika Amerika ya kitropiki. Mtu angetarajia kuwa mti ule wa kale wa Karibi unafanana zaidi na hao majirani zake. Haikuwa hivyo. Poinar aliona kuwa jamaa yake wa karibu ni spishi pekee ya Hymenaea iliyoko upande wa pili wa Atlantiki na upande wa pili wa bara la Afrika: Hymenaea verrucosa. Sisi tunauita msandarusi.

Msandarusi na watu wake

Msandarusi huota katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na katika Madagaska. Vitabu vya zamani huuita Trachylobium. Jean Langenheim na mwenzake Lee ndio waliourudisha katika Hymenaea mwaka 1974. Jina la sandarusi nalo lina safari yake. Katika Kiyunani cha kale sandarake ilikuwa madini mekundu ya aseniki. Katika Kiarabu sandarus ikawa resini, na Afrika ya kaskazini jina hilo hutajwa kwa resini ya mti mwingine kabisa, wa jamii ya mvinje. Lilipofika kwetu lilitulia juu ya mti mmoja. Wazaramo, waliouishi msitu wenyewe, waliuita mnangu, kwa mujibu wa Richard Burton.

Utumiaji wake ni wa kale. Katika Unguja Ukuu, uchambuzi wa kemia uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa sandarusi ilifukizwa katika chetezo mnamo karne ya 7 au ya 8. Ni jambo zito kwa historia yetu, kwa maana tumezoea kuisoma pwani kama mahali pa kupakia bidhaa za kwenda kwa wengine. Hapa tunawaona wenyeji wakiitumia bidhaa yao majumbani mwao. Katika Sharma, bandari ya Yemen iliyostawi kati ya mwishoni mwa karne ya 10 na karne ya 12, vipande vya resini vilivyofukuliwa vilichambuliwa mwaka 2008, vikaonekana kuwa ni vya msandarusi.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi kinatoka mbali zaidi. Katika miaka ya 1930 wanaakiolojia wa Chicago walifukua huko Eshnunna, Iraki ya leo, kidani chekundu walichokiandika kuwa ni cha kaharabu, cha mnamo miaka 2500 hadi 2400 kabla ya Kristo. Wakati huo kaharabu ya Baltiki ilikuwa jibu la haraka kwa kila kitu cha namna hiyo. Curt Beck, mkemia wa chuo cha Vassar, alikuwa amegundua katika miaka ya 1960 kuwa kaharabu ya Baltiki ikipimwa kwa miale ya infraredi huonesha alama isiyofanana na ya nyingine yoyote, na kwa njia hiyo alithibitisha kuwa kaharabu ya makaburi ya Mycenae ilitoka kaskazini. Kidani cha Eshnunna kilipopimwa, alama ile haikuwapo. Mwaka 1991 Carol Meyer, pamoja na Beck na mwenzao Todd, walichapisha matokeo: kidani ni sandarusi ya Afrika Mashariki au ya visiwa vyake. Kidani kimoja hakitoshi kujengea njia ya biashara ya miaka 4,400, nami nawaonya wanafunzi wasiikimbilie hadithi hiyo. Hata hivyo, kosa la waliokiandika mara ya kwanza ni kosa la mwanafunzi wangu lililogeuzwa: walikuwa na neno moja, wakalivisha vitu viwili.

Karne ya 19 ndiyo iliyoitoa sandarusi ulimwenguni kote. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, wakarudi na pembe na sandarusi. Ilioshwa kwa maji yenye alkali kuondoa gamba lake, ikayeyushwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Iliyosifiwa kuliko zote ni ile ya kuchimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo msitu ulikwisha kutoweka. Ikishasafishwa uso wake huwa na vipele vidogo, na wanunuzi waliulinganisha na ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. (Bata huyo, mtakumbuka, amebeba jina la kale la Madagaska, nako ni nchi ya msandarusi pia.) Walioichimba kwa majembe yao ni Wazaramo na majirani zao, na mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza katika makala ya mwaka 2007 jinsi biashara hiyo ilivyofungamana na siasa za ardhi na misitu ya Mrima kuanzia miaka ya 1820 hadi 1905. Bei iliwekwa Unguja. Shimo lilichimbwa bara.

Suala la umri

Je, sandarusi ya kuchimbwa ni kaharabu? Wauzaji wa karne ile waliiita ya kisukuku, na neno hilo limewadanganya wengi. John Kirk, aliyekuwa Unguja tangu miaka ya 1860, aliona kuwa majani na maua yaliyomo katika sandarusi ya ardhini ni ya msandarusi ule ule ulio hai. Tofauti ilikuwa ya muda, si ya mti. Muda kiasi gani? Hapo ndipo kaboni-14 inapofaa, kwa kuwa hupima vitu vya mpaka takriban miaka 50,000. Resini za Madagaska, ambazo kwa miaka mingi ziliuzwa kama za mamilioni ya miaka, zilipopimwa zilionekana ni za karne chache tu, nyingine za miongo.

Mwaka 2020 Mónica Solórzano-Kraemer na wenzake walipendekeza mipaka. Resini yenye zaidi ya miaka milioni 2.58 iitwe kaharabu. Ya kuanzia hapo hadi miaka 11,700 iliyopita ni sandarusi ya Plaistosini, na ya kutoka hapo hadi mwaka 1760 ni sandarusi ya Holosini. Iliyotoka baada ya mwaka 1760 wameitenga kwa jina la peke yake, wakiihusisha na zama za kupungua kwa wanyama duniani kutokana na shughuli za binadamu. Mipaka hii inaweza kubishaniwa, na mwaka 1760 kwa hakika ni wa makubaliano tu. Ila hoja iliyo nyuma yake ni nzito. Mdudu aliyenaswa Mrima miaka 150 iliyopita hana cha kutuambia kuhusu zama za dinosari, bali anaweza kuwa shahidi wa msitu ambao haupo tena. Anayemuuza kama mdudu wa miaka milioni 20 anadanganya mara mbili: anamwibia mnunuzi fedha, na anaunyang'anya msitu shahidi wake.

Wapo pia waliokosea bila nia mbaya. Mwaka 2010 ilitangazwa kaharabu ya Ethiopia, iliyopatikana katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi, kuwa ni ya Kretasia, yenye miaka takriban milioni 95. Wadudu na mimea iliyomo vilipochunguzwa zaidi, haikuwezekana kuushikilia umri huo. Kufikia mwaka 2018 ilikubalika kuwa ni ya Miosini, yenye miaka kati ya milioni 16 na 23. Bado ni kaharabu, ya kweli na ya Afrika. Imepoteza miaka milioni 70 na ushei, lakini imepata jamaa wa zama zake huko Dominika.

Sasa naweza kueleza kwa nini nilisema njia inaishia chini ya msandarusi. Anayetaka kujua kaharabu inausemea msitu gani lazima aulize kwanza: utomvu hunasa nani, na humwacha nani? Swali hilo haliwezi kuulizwa kwa mti wa Baltiki, kwa kuwa haupo. Solórzano-Kraemer na wenzake waliuliza huko Madagaska, wakilinganisha wadudu walionaswa katika utomvu wa misandarusi iliyo hai na wale walionaswa katika mitego ya aina mbalimbali msituni. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2018 ni kwamba utomvu hauwakilishi msitu mzima. Huwakilisha vizuri wadudu waishio na kupita katika gogo la mti, na zaidi ya hapo haueleweki vema. Nyuki wadogo wasiouma, ambao huukusanya utomvu kwa kujengea viota, wamo tele katika sandarusi. Nyuki wa jamii hiyo wamo tele pia katika kaharabu ya Dominika. Hata kemia inashuhudia undugu huo, kwani mojawapo ya asidi zilizotambuliwa katika resini ya miti hii imepewa jina la Zanzibari.

Limebaki suala la istilahi, nalo nawaachia wenye kamusi. Mipaka ya mwaka 2020 inadai majina, na naona wengine wakianza kuandika kopali kana kwamba hatuna letu. Sandarusi inatosha kwa ile ya kale iliyochimbwa. Kwa resini changa, Burton aliandika mwaka 1860 kuwa watu wa pwani walikwisha kuitenga: iliyotoka mtini karibuni, ambayo haijaiva, waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa chini. Wafanyabiashara wa kigeni hawakuweza kulitamka neno hilo vizuri, wakalisikia kama jackass, yaani punda dume, na kwa jina hilo la punda liliingia katika orodha za bei za London na Salem. Mimi napendekeza lirudi kwa matamshi yake.

Makala ya mwanafunzi nilimrudishia na sahihisho moja tu, lililorudiwa mara kumi na nne pembezoni: nzi huyu yumo katika kaharabu.